Neno, fremu, ofu au pesa: kipi humshika muuguzi kazini? Ulinganisho kwa hospitali za Nairobi

Barua ya kuacha kazi ikifika mezani kwa matroni, uamuzi wenyewe ulishafanywa wiki nyingi nyuma. Mara nyingi ulifanyiwa ndani ya matatu ya kwenda Kayole au Rongai, saa mbili asubuhi, baada ya zamu ya usiku ambayo hakuna mkubwa aliyeiulizia. Keki ya Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, haimkuti muuguzi huyo. Wala picha ya Muuguzi wa Mwezi iliyotundikwa karibu na mapokezi haimgeuzi, hasa ikiwa ni ya mtu wa zamu ya mchana, kama ilivyokuwa mwezi uliopita na ule wa kabla yake.

Hapa tunalinganisha njia sita za kuwatambua wauguzi ambazo hospitali ya Nairobi inaweza kuzimudu: neno la mkuu wa wodi, Muuguzi wa Mwezi, tuzo inayotokana na barua za wagonjwa, kadi za wenzao, zawadi (taslimu, kapu la bidhaa au ofu, yaani siku ya mapumziko yenye malipo), na ngazi ya kitaaluma (kupanda cheo akiwa palepale wodini) pamoja na masomo. Msimamo wetu tuuseme mapema. Kama una uwezo wa kuanza na moja tu, anza na ile isiyo na bajeti, yaani neno la mkuu wa wodi, lakini lifanywe kwa utaratibu na liandikwe. Kama una mbili na hospitali ni kubwa, ongeza ngazi. Fremu zije mwisho.

Kabla ya kuchagua: wanaondokea wapi?

Piga hesabu rahisi. Chukua wauguzi walioacha kazi kwa hiari katika miezi 12, gawa kwa wastani wa idadi ya wauguzi mwaka huo, zidisha kwa 100. Hospitali ya wauguzi 60 iliyopoteza 9 iko kwenye asilimia 15. Kisha itenge kwa wodi na kwa zamu, maana asilimia 15 ya hospitali nzima inaweza kuwa asilimia 5 kliniki na asilimia 40 kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Tuzo ya hospitali nzima haitagusa tatizo la wodi moja.

Fomu ya kuondokea usiiamini sana. Anayeondoka anahitaji barua nzuri ya utambulisho, kwa hiyo ataandika "sababu za kibinafsi" na kukushukuru kwa nafasi uliyompa. Waulize waliobaki, na anayeuliza asiwe mkuu wao wa wodi. Maswali matatu yanatosha:

1. Mara ya mwisho mtu aliye juu yako alikutajia jambo mahususi ulilolifanya vizuri, ilikuwa lini, na jambo gani?
2. Hospitali nyingine ikikupa mshahara huuhuu, ungehama? Kwa nini?
3. Ungeweza kuacha zamu moja kesho, ungeacha ipi?

Swali la pili ndilo chujio. Anayesema "kwa mshahara huohuo sihami" anaondokea pesa, na hakuna cheti kitakachomshika. Anayesema "ningehama hata leo" anakuambia kuna kitu kingine: dharau, rosta isiyo ya haki, au kukaa miaka minane bila mtu kukumbuka kwamba alisomea figo. Hapo ndipo kutambuliwa kuna kazi.

Frederick Herzberg aliligawa jambo hili mwaka 1959 kwa namna ambayo bado inasaidia: mshahara, usalama na sera nzuri humkasirisha mtu zikikosekana, lakini zikiwepo hazimpi hamu ya kazi, hamu hutoka kwenye kutambuliwa, wajibu na kupanda. Wapo waliompinga kuhusu mshahara, na kwa haki, ila mpangilio wa hatua ni sahihi. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulianza Juni 5 ukaisha mapema Novemba. Karibu miezi mitano ile hakuna aliyedai cheti cha pongezi. Walidai mkataba wa pamoja wa malipo. Muuguzi aliyeajiriwa 2020 kwa mkataba wa UHC (mpango wa afya kwa wote) akaandamana hadi Afya House, makao ya Wizara ya Afya, hakuwa akisubiri kapu la sukari na unga. Mpe pongezi huku mshahara umechelewa na utakuwa umemtukana.

Na tuseme ukweli kuhusu ushahidi: tafiti nyingi zinazounganisha kutambuliwa na wauguzi kubaki hupima nia ya kubaki kwa dodoso, si kubaki kwenyewe. Ndiyo sababu takwimu zako mwenyewe, wodi kwa wodi, zina thamani kuliko bango la mshauri.

Neno la mkuu wa wodi

Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, labda kwa kuwa haina risiti. Tazama tofauti ya maneno haya mawili, yote yakiwa yamesemwa wakati wa kukabidhiana zamu:

"Asanteni kwa kazi nzuri, tuendelee hivyo hivyo."

"Sista, Jumanne usiku kitanda cha 14: uliona mkojo umefika mililita 40 tu kwa saa mbili kwa mgonjwa wa kilo 70, ukapiga simu kwa daktari mara tatu mpaka akaja. Asubuhi kreatinini, kipimo cha figo, ilikuwa bado haijapanda sana. Nimeliandika kwenye faili lako."

La kwanza hupita sikioni. La pili linamwambia yeye, na wenzake wanaosikia, kwamba kuna mtu anasoma chati. Linafundisha pia: muuguzi mpya aliyesimama pembeni ameondoka na kipimo kichwani, kwamba mtu mzima akishuka chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, mtu aamshwe. Pongezi inayofundisha ni mali ya wodi nzima.

Utaratibu wake: mkuu wa wodi hulenga watu wawili kwa wiki, jambo moja kwa kila mmoja, ndani ya siku saba tangu litendeke. Hulisema wakati wa ripoti ya asubuhi, kabla zamu ya usiku haijafunga mikoba, kisha huandika mistari mitatu (tarehe, alichofanya, kilichozuilika), hutia saini, nakala ikaenda kwenye faili la mtumishi na nyingine kwake. Wodi ya wauguzi 15 ikienda hivi, kila mmoja hufikiwa mara sita au saba kwa mwaka. Gharama ni kama dakika 20 za mkuu wa wodi kwa wiki, na dakika hizo lazima zitoke mahali. Mkuu wa wodi anayebeba wagonjwa wake mwenyewe huku akitafuta lokamu (muuguzi wa muda wa kujaza zamu) kwa simu hatazipata. Hapo usimlaumu; mpunguzie.

Inaharibika kwa njia tatu. Ya kwanza, usiku. Mkuu wa wodi hufanya kazi mchana na husifu anachokiona. Dawa yake ni msimamizi wa usiku kuandika mstari mmoja kwenye kitabu cha zamu, na mkuu mwenyewe kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi mara mbili kwa mwezi, wakati bado kuna jasho. Ya pili, kusifu ushujaa pekee. Ukimsifu anayefanya zamu mbili mfululizo, umetangaza kwamba wodi inaendeshwa kwa kuchosha watu, na mwenye busara atasoma tangazo hilo na kutafuta kwingine. Ya tatu, WhatsApp. Kundi la wodi ndimo rosta hubadilishwa saa nne usiku na ndimo watu hukaripiwa mbele ya wenzao. Pongezi ikitumwa humo huzama chini ya "hongera" arobaini na picha za maua, na aliyekaripiwa jana hucheka peke yake.

Muuguzi wa Mwezi

Bei yake ni nafuu: fremu, cheti, labda shilingi elfu chache. Kinachoiponza ni hesabu. Wauguzi 60, washindi 12 kwa mwaka: mwaka wa kwanza wanapewa wanaostahili, mwaka wa pili wanapewa waliobaki, na kufikia wa tatu imekuwa zamu. Watu huanza kuulizana "wewe ulishachukua?" kama wanavyoulizana zamu ya chama. Kamati ikikataa kuzungusha, majina matatu yaleyale hurudi na wengine huacha kuangalia ukuta.

Ukilazimika kuwa nayo, ifanye ya robo mwaka badala ya mwezi, na tangaza kitendo kabla ya jina. "Aliyebuni namna ya kuweka dawa za dharura za uzazi kwenye trei moja" ni habari. "Mchapakazi, mwenye nidhamu" ni tangazo la tanzia. Sherehe isifanywe saa nane mchana. Mshindi wa zamu ya usiku saa hizo amelala Githurai. Saa moja na robo asubuhi zamu zote mbili zipo, na dakika kumi zinatosha.

Barua za wagonjwa

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni tuzo ya DAISY ya Marekani. Ilianzishwa na familia ya J. Patrick Barnes, aliyefariki 1999 akiwa na miaka 33 kwa ugonjwa wa kinga ya mwili. Kilichobaki mioyoni mwao ni jinsi wauguzi walivyomhudumia. Mshindi hupewa kinyago cha jiwe kinachochongwa kwa mkono na wasanii wa Kishona wa Zimbabwe, na wodi nzima hula mikate ya mdalasini, kwa sababu ndiyo aliyoipenda Patrick alipokosa hamu ya chakula. (Mandazi ya iliki yatafanya kazi hiyohiyo hapa kwetu, tena yakiwa ya moto.) La kuiga hapo ni mambo mawili: barua inatoka kwa mgonjwa au jamaa, na kamati husoma bila kuona jina la muuguzi.

Nguvu ya njia hii ni kwamba mgonjwa huona vitu ambavyo chati haina: nani alimfunika, nani alimweleza kwa lugha aliyoielewa. Udhaifu wake ni wodi. Mgonjwa wa kusafishwa figo huja mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, na anajua hata majina ya watoto wa muuguzi wake, barua zitajaa. Mgonjwa wa upasuaji alikuwa amelala usingizi wa dawa. Muuguzi wa chumba cha upasuaji aliyehesabu vitambaa na kusimamisha ushonaji kwa sababu kimoja kimepungua hatapata barua milele, wala aliye kwenye idara ya kusafishia vyombo, wala wa watoto njiti ambaye wagonjwa wake hawajui hata kulia vizuri. Hao wawekee mlango wao: wapendekezwe na daktari wa usingizi, daktari mpasuaji, au wodi inayowapokelea wagonjwa. Na kila robo mwaka linganisha barua kwa idadi ya wauguzi wa kila wodi, si jumla tupu.

Namna ya kuiendesha kwa hospitali ya kati:

Fomu iwe karatasi moja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Usiulize jina la muuguzi peke yake. Mama aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya saa 24 na mara nyingi hakusoma kitambulisho cha mtu. Uliza wodi, kitanda, siku na ilikuwa usiku au mchana, kisha "alifanya nini?" Rosta itakupa jina. Sanduku likae karibu na kitanda au mlango wa wodi, kamwe si dirisha la malipo, kwa sababu hapo jamaa anawaza bili na bima ya afya ya SHA, si wema. Msimbo wa kupiga picha kwa simu (QR) uwe wa ziada tu. Ukiwa ndiyo njia pekee, umewafungia nje wazee na wenye simu za kubonyeza.

Kamati iwe ya watu watano: wauguzi wawili wa kitandani, mmoja wao wa usiku, mshindi wa zamani, mtu mmoja asiye muuguzi, na matroni ambaye hapigi kura ila kura zikifungana. Kila barua ipewe alama 0 hadi 3 kwa mambo matatu: kitendo kinaonekana, kilimsaidia nani, kinaigika na wengine au ni bahati tu.

Barua hizo ni taarifa za afya za mtu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hizo ni data nyeti, kwa hiyo futa jina na ugonjwa kabla ya kusoma hadharani, na usitumie picha ya muuguzi, sembuse ya mgonjwa, kwenye kurasa za kutangaza hospitali bila idhini yake ya maandishi. Kumekuwa na mtindo wa kumpiga picha mshindi na kumgeuza tangazo la biashara siku hiyohiyo. Muuguzi anaiona hila hiyo haraka kuliko idara ya masoko inavyodhani.

Kadi za wenzao

Kila muuguzi hupewa kadi tano kwa mwezi za kumwandikia mwenzake. Hufaa kwa kazi isiyoonekana na wakubwa: nani alimsaidia nani kugeuza mgonjwa saa tisa usiku. Huharibika zikipewa pointi za kununulia vitu, kwa kuwa waliosoma chuo kimoja au wanaopanda matatu moja huanza kubadilishana. Ziache bila thamani ya pesa, na kadi isiyo na kitendo ndani isihesabiwe.

Taslimu, kapu au ofu

Hapa watu wengi hupoteza pesa bila kujua. Bonasi ya taslimu ni mapato ya ajira na hukatwa PAYE. Muuguzi ambaye mapato yake yanayotozwa kodi yamepita shilingi 32,333 kwa mwezi yuko kwenye kiwango cha asilimia 30. Ukimtangazia 5,000 mbele ya wenzake, 1,500 huenda kodi na yeye huona 3,500, kabla ya makato mengine. Anachokumbuka ni ile 1,500. Ukitaka 5,000 imfikie baada ya PAYE, andika 7,143 kwenye orodha ya mishahara. Kumtumia kwa M-Pesa kutoka simu ya mkurugenzi hakubadilishi hali yake kisheria. Ni taslimu tu.

Zawadi isiyo taslimu ina mlango tofauti. Tangu marekebisho ya sheria za kodi ya Desemba 2024, manufaa yasiyo ya taslimu ambayo jumla yake kwa mwaka haifiki shilingi 60,000 hayatozwi kodi. Awali kikomo kilikuwa 36,000. Zingatia neno jumla: kama hospitali tayari inampa muuguzi kitu kingine kisicho taslimu, kapu lako linaongezwa juu yake. Kwa kapu la bidhaa la 5,000, gharama kwako ni 5,000 na kwake ni 5,000. Tatizo la kapu ni kwamba unamchagulia mtu mzima unga wa kupika.

Ofu moja yenye malipo ndiyo zawadi inayopendwa zaidi na inayovunjwa zaidi. Ikipangwa vizuri inashinda kapu na taslimu, hasa kwa wenye watoto wadogo na kwa wanaojisomea. Ila siku hiyo lazima mtu ajaze nafasi. Tuseme lokamu wa kujaza zamu hulipwa 2,500 hospitalini kwako. Basi ofu ni ya 2,500, si ya bure. Usipoweka pesa hiyo, zawadi ya mmoja hulipwa na migongo ya wenzake watatu, na kesho yake watamnunia mshindi, si wewe. Kanuni zinazoiokoa: mshindi ataje tarehe tatu, moja iingizwe kwenye rosta siku hiyohiyo kwa kalamu, itumike ndani ya siku 60, na ikifutwa kwa dharura irudishwe kwa siku mbili. Ofu ya ahadi, ile ya "tutaangalia mwezi ujao", ina madhara kuliko kutotoa chochote.

Ngazi na masomo

Mwaka 1983 wachunguzi wa Marekani walitazama hospitali 163 na kuzitenga 41 zilizovuta wauguzi na kuwashika wakati wa uhaba; ndiko mpango wa Magnet ulikotokea, na hospitali ya kwanza ilipata hadhi hiyo 1994. Kilichozitofautisha hakikuwa vyeti vya ukutani. Kilikuwa viongozi wanaosikiliza, wauguzi wenye sauti kwenye maamuzi ya utunzaji, na nafasi ya kukua bila kulazimika kuacha kitanda na kwenda ofisini.

Hilo la mwisho ndilo linalokosekana. Muuguzi wa stashahada wa miaka kumi mara nyingi yuko kwenye kiwango kimoja na wa miaka mitatu. Ngazi ya kitaaluma humpa cheo na nyongeza akiwa palepale wodini. Nne zinatosha: anayeanza, anayejitegemea, anayefundisha wapya, na bingwa wa eneo (vidonda, mahututi, figo, uzazi). Kwa nyongeza ya 3,000 kwa mwezi kwa kila ngazi, mtu mmoja akipanda hatua moja hugharimu 36,000 kwa mwaka. Masharti ya kupanda yawe mepesi kuthibitisha: uchambuzi wa wagonjwa watatu, ukurasa mmoja kila mmoja, orodha ya ujuzi iliyotiwa saini na mtu aliyemwona akifanya, na kipindi kimoja alichofundisha wenzake, ambacho kinaweza kuombewa saa za mafunzo endelevu za Baraza la Wauguzi. Ukidai faili la kurasa 40 lijazwe siku za ofu, watapanda wanaopenda makaratasi.

Kugharamia masomo ni utambuzi mkubwa zaidi, na mtego mkubwa zaidi. Mkataba wa kutumikia baada ya masomo uwe wa kupungua kila mwezi. Ukimlipia 240,000 kwa mkataba wa miezi 24, deni linashuka 10,000 kwa mwezi. Akiondoka mwezi wa 18 anarudisha 60,000. Kumzuilia vyeti au leseni si dhamana, ni ugomvi. Na kabla hajaenda, andika atarudi kwenye nafasi gani. Aliyesomea mahututi akarudishwa kliniki ya kufunga vidonda, kwa mshahara uleule, utakuwa umemlipia nauli ya kwenda kwa mwajiri mwingine.

Ana kwa ana

| Njia | Gharama halisi | Humfikia lini | Nani husahaulika |
|---|---|---|---|
| Neno la mkuu wa wodi | Dakika 20 kwa wiki | Ndani ya siku 7 | Wa usiku |
| Muuguzi wa Mwezi | Ndogo | Mwisho wa mwezi | Karibu wote |
| Barua za wagonjwa | Fomu, muda wa kamati | Baada ya miezi 1–3 | Upasuaji, njiti, vyombo |
| Kadi za wenzao | Karatasi | Siku hiyohiyo | Wageni, wa lokamu |
| Taslimu | 7,143 ili afikiwe na 5,000 | Mwisho wa mwezi | Asiyeonekana na wakubwa |
| Ofu | Bei ya zamu ya lokamu | Ndani ya siku 60 | Wodi yenye upungufu |
| Ngazi, masomo | 36,000 kwa mwaka na zaidi | Mwaka 1–3 | Wa mkataba mfupi |

Ya kaunti na ya binafsi

Hospitali ya umma, iwe Mbagathi, Mama Lucy Kibaki au Pumwani, haiwezi kubuni posho kwa moyo mwema. Malipo ya utumishi wa umma hupitia Tume ya Mishahara na Marupurupu, na kupandisha vyeo ni kazi ya bodi ya utumishi ya kaunti. Kwa hiyo taslimu na ngazi ziko nje ya mkono wa matroni. Alichonacho ni faili. Mistari mitatu iliyotiwa saini, ikirudiwa kwa miaka mitatu, ni ushahidi siku ya tathmini na usaili wa kupanda cheo, wakati mwenzake ana "anafanya kazi kwa bidii" pekee. Umma pia una rosta, na kutoa ofu kwa haki na kwa wakati hakuhitaji kibali cha mtu.

Ya binafsi inaweza kulipa kesho ikitaka, lakini iliyo ndogo haina ngazi ya kupandia: kuna wauguzi na kuna matroni, basi. Huko cheo cha bingwa wa eneo hufanya kazi kubwa kuliko bonasi.

Anayeelekea ng'ambo

Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya ajira ya wahudumu wa afya Julai 2021, na muuguzi anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza au anayeomba uthibitisho wa usajili wake kutoka Baraza keshaamua. Usimpe tuzo ya kumshika, haitamshika. Usimwadhibu kwa rosta pia, maana waliobaki wanatazama. Cheti cha utumishi ni haki yake chini ya Sheria ya Ajira ya 2007. Mpe, pamoja na barua inayotaja alichofanya. Akiulizwa na mdogo wake wa chuo "huko kukoje?", jibu lake ndilo tangazo lako la ajira.

Tuzo kubwa za nje nazo zina nafasi. Muuguzi Anna Qabale Duba wa Marsabit alishinda tuzo ya Aster Guardians mwaka 2022, ya kwanza kabisa, dola 250,000. Ukimwandikia mtu wako mapendekezo ya tuzo ya namna hiyo umempa heshima hata asiposhinda. Ila usiipige hesabu kama mpango wa kuwabakiza wodi nzima.

Uchague ipi?

Chini ya wauguzi 20: neno la mkuu wa wodi na ofu, hakuna kingine. Kamati ya watu watano kwenye hospitali ya watu 15 ni kichekesho.

Kati ya 20 na 80: anza na neno miezi mitatu, kwa wodi mbili tu, ile inayopoteza watu zaidi na moja iliyotulia. Mwezi wa nne ongeza barua za wagonjwa kwa robo mwaka. Pesa za fremu na keki zihamishie kwenye zamu za kujaza ofu.

Zaidi ya 80: jenga ngazi kwanza, hata kama itachukua mwaka kuidhinishwa, kwa sababu hapo ndipo watu wa miaka mitano hadi kumi huvujia. Neno liendelee wakati mnasubiri, na wakuu wa wodi wapewe saa mbili za kujizoeza kuandika mistari ile mitatu. Wengi hukwama kwenye sentensi ya kwanza.

Kote, rudia swali la kwanza la yale matatu kila miezi sita. Wengi wakianza kujibu kwa tarehe na kitanda, njia inafanya kazi, hata kama asilimia ya wanaoondoka bado haijashuka. Hiyo ipe miezi 12. Wakijibu "sikumbuki", usinunue zawadi kubwa zaidi. Nenda kasome kitabu cha zamu ya usiku, uone mara ya mwisho kuna jina la mtu lililoandikwa humo kwa jambo jema ilikuwa lini.